Siku za Masihi ni Ngapi? Tarakimu za Marabi na Maana ya Ukombozi katika Talmudi

Utangulizi

Waswahili husema kwamba baada ya dhiki ni faraja. Methali hii imebeba ahadi kubwa, ila haitaji kipimo. Haisemi dhiki ya mwaka mmoja italipwa kwa faraja ya miaka mingapi, wala haidokezi iwapo faraja yenyewe ina kikomo. Anayeitamka huwa anamtia moyo mwenzake, na anayetiwa moyo hadai hesabu. Hata hivyo, wapo wanazuoni waliothubutu kuuliza swali ambalo methali yetu imelinyamazia. Hao ni marabi, yaani walimu wa sheria na maandiko ya Kiyahudi, walioishi Palestina na Babeli katika karne za kwanza baada ya Kristo. Swali lao lilikuwa hili: Masihi atakapokuja na kuwakomboa watu wake, siku zake zitadumu kwa muda gani?

Majibu yao yanastaajabisha kwa namna yanavyotofautiana. Mmoja alisema miaka 40, wa pili akasema 70, wa tatu akataja vizazi vitatu. Wengine walitaja miaka 365, 400 na hata 7,000. Msomaji anayekutana na orodha hii kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba wazee hawa walikuwa wakibahatisha. Makala haya yana msimamo tofauti. Tunahoji kuwa tarakimu hizi hazikukusudiwa kuwa utabiri, bali zilikuwa matokeo ya usomaji makini wa maandiko. Kila tarakimu imechimbwa kutoka katika neno mahsusi, na kila moja inabeba hoja kuhusu maana ya ukombozi wenyewe. Aidha, tutaonyesha kwamba marabi wale wale walioruhusu tarakimu hizi zijadiliwe kwa uhuru waliwalaani wale waliozigeuza kuwa kalenda. Tofauti hiyo baina ya kusoma na kupiga ramli ndiyo kiini cha mjadala wetu, na tunaamini kuwa ina funzo kwa yeyote anayejishughulisha na uhakiki wa matini.

Usuli wa Mjadala

Ni muhali kuyaelewa majibu ya marabi bila kuielewa hali iliyozua swali lao. Mnamo mwaka wa 70 BK majeshi ya Roma yaliliteketeza Hekalu la Yerusalemu, ambalo lilikuwa kitovu cha ibada ya Wayahudi. Miaka 62 baadaye, yaani mwaka wa 132, yalizuka maasi makubwa yaliyoongozwa na Shimon Bar Kokhba. Rabi Akiva, mmoja wa wanazuoni waliotukuka zaidi wa kizazi hicho, alimtambua kiongozi huyo kuwa ndiye mfalme Masihi. Si wote waliokubaliana naye. Inasimuliwa kuwa Rabi Yohanan ben Torta alimjibu kwamba majani yangeota mashavuni mwake Akiva, naye mwana wa Daudi angekuwa bado hajafika. Kwa maneno mengine, atakufa, azikwe na kusahauliwa kabla ya jambo hilo kutimia. Maasi yalizimwa mwaka wa 135 kwa umwagaji mkubwa wa damu, na Wayahudi wakapigwa marufuku kuingia Yerusalemu.

Kwa hivyo, swali la muda wa siku za Masihi halikuulizwa na watu waliokaa kitako wakistarehe. Liliulizwa na watu waliopoteza Hekalu, wakapoteza mji, kisha wakalipa kwa damu kosa la kulifikiria tumaini kuwa tayari limetimia. Yamkini hii ndiyo sababu majadiliano yao yanachanganya shauku na tahadhari katika pumzi moja.

Mjadala wenyewe umehifadhiwa katika Talmudi ya Babeli, kwenye kitabu kiitwacho Sanhedrini, kurasa za 97 hadi 99. Talmudi ni mkusanyo mkubwa wa mijadala iliyojengwa juu ya Mishna, ambayo ni hati ya sheria iliyokusanywa na Rabi Yehuda ha-Nasi takriban mwaka wa 200 BK. Talmudi ya Babeli ilichukua umbo lake karne kadhaa baadaye, na ndani yake mnasikika sauti za wanazuoni wa vizazi vingi waliowekwa pamoja kana kwamba wameketi baraza moja.

Istilahi Muhimu

Kabla ya kuziingia tarakimu, inafaa tufafanue istilahi chache. Kwanza, marabi huzungumzia siku za Masihi, si miaka wala enzi ya Masihi. Mzungumzaji wa Kiswahili hana tatizo na matumizi hayo. Tunaposema siku hizi, siku za ujana au siku za wazee wetu, hatuna maana ya saa 24 bali kipindi kizima. Kiebrania hulitumia neno lake la siku kwa namna hiyo hiyo. Lakini kwa kuwa neno hilo pia linabaki na maana yake ya msingi, linampa mfasiri mlango wa kuuliza: siku hizo ni ngapi, na kila moja ina urefu gani? Tutaona jinsi mlango huo ulivyotumiwa.

Pili, neno Masihi lilitufikia kupitia Kiarabu, na lina nasaba moja na neno la Kiebrania lenye maana ya aliyepakwa mafuta. Wafalme na makuhani wa Israeli walitawazwa kwa kupakwa mafuta. Kwa marabi, Masihi ni mfalme mwanadamu wa ukoo wa Daudi, na siku zake ni utawala. Utawala wowote una mwanzo, na kwa hivyo si ajabu kuuliza kama una mwisho.

Tatu, marabi hutofautisha siku za Masihi na ulimwengu ujao. Istilahi hii ya pili hurejelea hali ya mwisho kabisa, ambayo haimo katika mkondo wa historia. Atakayezichanganya istilahi hizi mbili hataelewa ni vipi mtu anayeamini ukombozi anaweza kusema kuwa utadumu miaka 40 tu. Kinachohesabiwa ni utawala wa Masihi katika dunia hii. Ulimwengu ujao hauhesabiki.

Nne, mafundisho ya marabi hugawika katika mikondo miwili. Upo mkondo wa halakha, yaani sheria inayoongoza matendo, na upo mkondo wa agada, yaani masimulizi, tafsiri na tafakuri. Katika halakha ni sharti mjadala ufikie uamuzi, maana watu wanahitaji kujua la kutenda. Katika agada mjadala unaweza kuachwa wazi. Swali letu limo katika mkondo wa pili.

Mzizi Mmoja, Hesabu Mbili

Hebu tuanze na Rabi Eliezer aliyesema kuwa siku za Masihi zitadumu miaka 40. Katika mojawapo ya mapokezi ya kauli yake, anajenga hoja kwa kuunganisha mafungu mawili. La kwanza limo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8, ambapo Musa anawakumbusha Waisraeli jinsi Mungu alivyowatesa kwa njaa na kuwalisha mana katika safari ya jangwani. Safari hiyo ilidumu miaka 40. La pili limo katika Zaburi ya 90, sala inayonasibishwa na Musa huyo huyo, ambapo mwombaji anaomba furaha inayolingana na siku za mateso yaliyopita. Mafungu yote mawili yanatumia kitenzi chenye mzizi mmoja wa Kiebrania unaobeba dhana ya kutesa. Kwa kuwa mzizi ni mmoja, Rabi Eliezer analisoma fungu moja kwa mwanga wa jingine: mateso ya jangwani yalidumu miaka 40, basi furaha ya Masihi itadumu miaka 40.

Rabi Dosa anaikubali Zaburi ile ile na mbinu ile ile, lakini anakwenda kwenye fungu jingine. Katika Mwanzo sura ya 15, Mungu anamwambia Abrahamu kwamba uzao wake utakuwa mgeni katika nchi isiyo yao, utatumikishwa na kuteswa kwa miaka 400. Hapa pia unajitokeza mzizi ule ule wa kutesa. Kwa hivyo, Rabi Dosa anahitimisha kuwa furaha itadumu miaka 400.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuifahamu mbinu hii kwa urahisi. Chukua mzizi -tes- unaotupatia tesa, teseka, mateso na mtesi. Tukilikuta neno lenye mzizi huo katika tungo mbili za mshairi mmoja, tutakuwa na haki ya kuuliza kama tungo hizo zinaitana. Marabi waliichukua Biblia nzima kuwa utungo mmoja wa mtungaji mmoja. Kwa mtazamo huo, hakuna neno linalojirudia kwa sadfa.

Lakini tusiishie kwenye mbinu. Tofauti baina ya wanazuoni hawa wawili si ya hesabu tu. Ni tofauti kuhusu dhiki ipi inayostahili kulipwa. Rabi Eliezer anaitazama dhiki ya jangwani, ambayo ilikuwa dhiki ya watu waliokwisha kuwa huru, wakiwa njiani na Mungu wao. Rabi Dosa anaitazama dhiki ya utumwani Misri, watu wakiwa chini ya mkono wa mwanadamu mwingine. Kwa huyu wa kwanza, ukombozi ni kumalizika kwa safari. Kwa yule wa pili, ukombozi ni fidia ya utumwa, na fidia hiyo haiwezi kuwa pungufu kuliko utumwa wenyewe. Tarakimu 40 na 400 ni muhtasari wa hoja hizo.

Mfalme Mmoja, Vizazi na Vizazi

Rabi Elazar ben Azariah alitaja miaka 70. Ushahidi wake unatoka katika Isaya sura ya 23, mahali panaposemwa kwamba mji wa Tiro utasahauliwa kwa miaka 70, muda unaolingana na siku za mfalme mmoja. Je, ni mfalme yupi huyo? Neno mmoja katika Kiebrania, sawa na katika Kiswahili, kwa kawaida ni idadi tu. Lakini linaweza pia kubeba maana ya pekee, asiye na mfano. Marabi walishikilia maana hiyo ya pili na kusema kwamba mfalme wa pekee hawezi kuwa mwingine ila Masihi. Ikumbukwe kuwa Zaburi ya 90 inaitaja miaka 70 kama kadiri ya umri wa mwanadamu. Kwa hivyo, tarakimu hii inamwona Masihi kama mfalme wa kibinadamu, anayetawala kwa muda wa maisha ya binadamu.

Rabi Yehuda ha-Nasi, mkusanyaji wa Mishna, alipendekeza vizazi vitatu. Hoja yake ni ya kisarufi. Zaburi ya 72, ambayo ni sala kwa ajili ya mfalme, inatumia maneno dor dorim, yaani kizazi, vizazi. Umoja unatupa kizazi kimoja. Wingi, kwa uchache wake, ni viwili. Kimoja na viwili ni vitatu. Mwanafunzi wa isimu atatambua kwamba hoja nzima imesimama juu ya kiambishi cha wingi. Ni usomaji wa kubana kwelikweli: Rabi Yehuda hakutaka wingi umaanishe vizazi visivyo na idadi, bali alichukua kiwango cha chini kabisa ambacho sarufi inakiruhusu. Vizazi vitatu ni baba, mwana na mjukuu. Huo ndio upeo wa kumbukumbu hai, ambapo babu bado anaweza kumsimulia mjukuu mambo aliyoyaona kwa macho yake.

Katika mapokezi mengine ya Talmudi hiyo hiyo, Rabi Yehuda ananukuliwa akisema miaka 365, sawa na siku za mwaka wa jua. Hapa anategemea Isaya sura ya 63, ambapo siku ya kisasi na mwaka wa ukombozi vinatajwa sambamba. Wafasiri hueleza kwamba usambamba huo unaifanya kila siku ya mwaka isimame badala ya mwaka mmoja. Hivyo basi, mwanazuoni mmoja amenasibishiwa tarakimu mbili. Hali kadhalika, katika mikusanyo mingine ya tafsiri za marabi, baadhi ya tarakimu hizi zimehusishwa na majina tofauti na yale tuliyoyataja. Wapokezi hawakuona haja ya kuziondoa tofauti hizo. Lau lengo lingekuwa kuitambua tarehe, kasoro kama hizo zingekuwa balaa.

Kutoka Makumi hadi Maelfu

Sambamba na tarakimu hizi za kadiri, Talmudi inatoa nyingine zinazotisha kwa ukubwa. Abimi, mwana wa Rabi Abbahu, alifundisha kwamba siku za Masihi zitadumu miaka 7,000. Alirejelea Isaya sura ya 62, ambapo furaha ya Mungu kwa watu wake inafananishwa na furaha ya bwana arusi kwa bibi arusi wake. Wafasiri hutufungulia hesabu hiyo hivi: sherehe ya arusi ya Kiyahudi ilidumu siku saba, na kwa mujibu wa Zaburi ya 90, miaka 1,000 machoni pa Mungu ni kama siku moja iliyopita. Siku saba za furaha ya Mungu, basi, ni miaka 7,000.

Shmuel, mwanazuoni wa Babeli wa karne ya tatu, alisema kwamba muda huo utakuwa sawa na ule uliopita tangu kuumbwa kwa ulimwengu hadi wakati wake. Kwa hesabu ya Kiyahudi, hiyo ni takriban miaka 4,000. Naye Rav Nahman bar Yitzhak, aliyeishi karne ya nne, alisema ni sawa na muda uliopita tangu siku za Nuhu, ambao kwa hesabu hiyo hiyo unakaribia miaka 2,500. Alitegemea Isaya sura ya 54, ambapo Mungu anaifananisha ahadi yake na kiapo alichokula baada ya gharika. Uteuzi wa Nuhu si wa kubahatisha. Kiapo cha gharika ni agano na viumbe vyote, si na taifa moja, na ni kiapo kwamba dunia haitaangamizwa tena kwa maji. Rav Nahman anaupima ukombozi kwa kipimo cha uaminifu wa Mungu, wala si kwa kipimo cha dhiki ya watu.

Isitoshe, kuna mafundisho yanayohusishwa na nyumba ya Eliya yanayoupa ulimwengu miaka 6,000: 2,000 ya ukiwa, 2,000 ya Torati na 2,000 ya siku za Masihi. Mfumo huu umejengwa juu ya ruwaza ya juma. Rav Katina anakamilisha ruwaza hiyo kwa kusema kuwa baada ya miaka 6,000 dunia itakaa ukiwa kwa miaka 1,000, kama vile siku sita za kazi zinavyofuatwa na Sabato. Abaye anapinga na kusema ukiwa huo utakuwa wa miaka 2,000, akitumia fungu la Hosea.

Kwa kalenda ya Kiyahudi, mwaka wa 4,000 ulikuwa 239 hadi 240 BK. Mfumo huu ulipokuwa ukipokezanwa katika vyuo vya Babeli, tarehe hiyo ilikuwa imeshapita na Masihi hakuonekana. Mafundisho yenyewe yanakiri jambo hilo waziwazi: kwa sababu ya makosa yetu mengi, miaka iliyopita katika hiyo 2,000 imepita bure. Hii ni kauli nzito. Inamaanisha kwamba siku za Masihi si akiba iliyohifadhiwa mahali salama ikingoja kufunguliwa. Zinaweza kupungua kadiri watu wanavyochelewa kuzistahili.

Msomaji makini atakuwa ameng'amua pia kwamba tarakimu hizi haziingiani. Miaka 7,000 ya Abimi haiwezi kutoshea katika ulimwengu wa miaka 6,000. Vivyo hivyo, miaka 4,000 ya Shmuel inauvuka mpaka huo. Hakuna mhariri wa Talmudi aliyejaribu kuzipatanisha. Zaidi ya hayo, Zaburi ya 90 ndiyo iliyozaa tarakimu ndogo ya 40 na ndiyo iliyochangia tarakimu kubwa ya 7,000. Matini ni moja. Kilichotofautiana ni swali ambalo msomaji alikwenda nalo kwenye matini.

Ukombozi Ukoje?

Swali la muda halitenganiki na swali la sura ya ukombozi. Hapa marabi walikuwa na kambi mbili. Rabi Yohanan, kama anavyonukuliwa na Rabi Hiyya bar Abba, alishikilia kwamba unabii wote wa heri ulihusu siku za Masihi, ilhali ulimwengu ujao haujaonwa na jicho lolote isipokuwa la Mungu. Kwa mtazamo huu, siku za Masihi zitakuwa na maajabu yote yaliyotabiriwa.

Shmuel alipinga. Kwake yeye, hakuna tofauti baina ya dunia hii na siku za Masihi ila moja tu, nayo ni kukoma kwa utumwa chini ya falme za kigeni. Jua litachomoza kama kawaida, mkulima atalima, na hata maskini watakuwepo, maana Kumbukumbu la Torati limesema kwamba hawatakoma katika nchi. Kumbe yule yule aliyezipa siku za Masihi maelfu ya miaka ndiye aliyezipa sura ya kawaida kabisa! Mambo haya mawili yanaafikiana. Ikiwa ukombozi ni watu kuishi bila kuonewa, basi hauhitaji kuwa mfupi kama muujiza. Unaweza kudumu kwa muda sawa na historia yote iliyotangulia, kwani nao ni historia.

Mwanafalsafa Moses Maimonides, aliyezaliwa Cordoba, Uhispania, na kufariki Misri mwaka wa 1204, aliufuata mkondo wa Shmuel. Katika ufafanuzi wake wa Mishna anaeleza kwamba Masihi atakufa kama wanadamu wengine, na mwanawe atatawala baada yake, kisha mjukuu wake. Utawala huo utadumu kwa muda mrefu sana. Katika mkusanyo wake mkubwa wa sheria, Mishneh Torah, anasisitiza kwamba wahenga hawakuzitamani siku hizo ili wautawale ulimwengu, au wale, wanywe na kusherehekea. Walizitamani ili wapate faragha ya kujifunza Torati bila mtesi wa kuwasumbua. Hapo kipimo cha ukombozi kimehama kutoka idadi ya miaka hadi matumizi ya miaka hiyo.

Laana kwa Wahesabu Miisho

Sasa tunafikia jambo ambalo huwashangaza wengi. Katika kurasa zile zile zenye tarakimu hizi, Rabi Shmuel bar Nahmani, kwa jina la Rabi Yonatan, anawaapiza wanaopiga hesabu za mwisho. Sababu anayoitoa haihusu ufidhuli wa kuchungulia siri za Mungu. Inahusu watu. Tarehe iliyotangazwa ikifika na Masihi asije, watu watasema kuwa hatakuja kamwe. Mhesabu anaua tumaini analodai kulilisha.

Rav naye alitamka kwamba tarehe zote zilizokadiriwa zimekwisha kupita, na kwamba jambo hili sasa linategemea toba na matendo mema pekee. Rabi Yehoshua ben Levi aliliona fungu la Isaya linalosema kuwa Mungu ataleta ukombozi kwa wakati wake na papo hapo ataharakisha. Yawezekanaje kitu kikawa na wakati wake na bado kiharakishwe? Alijibu kwamba watu wakistahili, kitaharakishwa. Wasipostahili, kitakuja kwa wakati wake. Sarufi ya fungu imegeuzwa kuwa wajibu wa msomaji.

Kulikuwa pia na sauti iliyokata tamaa. Rabi Hillel, ambaye si yule Hillel mashuhuri wa zama za Hekalu, alisema kwamba Israeli haina Masihi wa kungojewa, kwa kuwa walikwisha kumfaidi katika siku za mfalme Hezekia. Rav Yosef alimwombea msamaha kwa Mungu, kisha akamjibu kwa hoja: Hezekia aliishi wakati wa Hekalu la kwanza, ilhali nabii Zekaria alimtabiri mfalme ajaye wakati wa Hekalu la pili. Kauli ya Rabi Hillel ilipingwa, lakini haikufutwa.

Historia ilithibitisha kwamba laana dhidi ya wahesabu haikuwa ya bure. Mnamo mwaka wa 1665, Sabbatai Zevi wa Izmir alitangazwa kuwa Masihi, na Nathan wa Gaza akawa nabii wake. Msisimko ulienea kutoka Yemeni hadi Amsterdam. Wapo walioacha biashara zao na kuuza mali wakijiandaa kwa safari ya Yerusalemu. Mwaka wa 1666 aliletwa mbele ya Sultani wa Uthmaniya, akasilimu. Maelfu ya watu walibaki na aibu, umaskini na imani iliyovunjika. Lile alilolihofia Rabi Yonatan lilitimia mbele ya macho yao.

Kwa Nini Kauli Zote Zilihifadhiwa?

Swali la mwisho ni hili: ikiwa kuhesabu ni hatari, mbona Talmudi ikahifadhi tarakimu zote hizi? Tunaweza kupata mwanga kwa kuzitazama methali zetu. Kiswahili kinatufunza kwamba subira huvuta heri. Kiswahili hicho hicho kinatuonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hakuna mwanafunzi wa fasihi simulizi anayeuliza ni ipi kati ya methali hizi iliyo sahihi ili nyingine ifutwe kamusini. Kila moja ina muktadha wake, na hekima ya jamii imo katika kuzimiliki zote mbili.

Vivyo hivyo, orodha ya marabi inafanya kazi ambayo tarakimu moja isingeweza. Tarakimu moja ingekuwa tarehe. Tarakimu nyingi zinazopingana haziwezi kuwekwa kwenye kalenda. Zinamlazimu msomaji kurudi kwenye hoja iliyo nyuma ya kila moja. Waama, wingi huo ni kinga. Anayesoma 40 anaiwaza njia ya jangwani. Anayesoma 400 anaukumbuka utumwa. Anayesoma 70 anafikiria umri wa mtu, na anayesoma vizazi vitatu anamfikiria mjukuu wake. Anayesoma 7,000 anasikia vigelegele vya arusi. Hakuna hata mmoja anayebaki na tarehe mkononi ya kuwauzia wanyonge.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba mafundisho ya marabi kuhusu muda wa siku za Masihi ni mjadala wa usomaji kabla ya kuwa mjadala wa hesabu. Tumeona jinsi mzizi wa kitenzi, kiambishi cha wingi, neno mmoja na tashbihi ya arusi zilivyozaa tarakimu tofauti, na jinsi kila tarakimu inavyobeba msimamo juu ya dhiki, faraja na utawala wa haki. Tumeona pia kwamba jamii iliyozitunza tarakimu hizo ilikataa kuzifanya sheria, na ikawaonya vikali waliozifanya ramli.

Kwa sisi tunaosoma lugha na fasihi, funzo liko wazi. Matini yenye tarakimu haimpi msomaji ruhusa ya kuacha kufikiri. Kinyume chake, inamtwika mzigo wa kuuliza: tarakimu hii imetoka katika neno gani, inajibu kilio cha nani, na nani ataumia ikisomwa vibaya? Wahenga wetu walisema hakuna refu lisilo na ncha. Marabi waliipima ncha ya faraja kwa njia nyingi, lakini hawakukubali yeyote aishike na kuitikisa mbele ya watu wenye shida. Walimwachia kila msomaji kazi ya toba na matendo mema, kazi ambayo haingoji mwaka wowote.